Sista Aliyetulazimisha Kupumzika

Kwenye hospitali ya wanyama nilikofanya kazi, nje kidogo ya Midrand, hakuna aliyeruhusiwa kula akiwa amesimama. Hiyo haikuwa sheria ya wenye hospitali, wala ya Daktari. Ilikuwa sheria ya Sista. Afrika Kusini muuguzi wa wanyama huitwa sista sawasawa na muuguzi wa binadamu, na huyu wetu alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mpana wa mabega, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Akikukuta na mkate mkono mmoja na ndoo mkono wa pili, alikunyang'anya ndoo. Alisimama nayo mbele yako mpaka ukae, na ukishakaa aliendelea kusimama nayo mpaka umalize kutafuna.

Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akila ameketi. Chakula chake cha mchana kilikuwa parachichi na kijiko, na alikula akitembea kutoka banda moja hadi jingine. Nililiona hilo wiki yangu ya kwanza, nikalinyamazia, kwa sababu mgeni haulizi mambo ya mwenye nyumba.

Niliingia hapo mwaka 2015 kama mtu wa kuosha mabanda. Mbele ya jengo walikuja wateja na magari yao, kutoka Sandton na kwenye zile nyumba zenye mageti za Midrand, na mbwa wenye majina ya watu. Nyuma ndiko tulikokuwa sisi. Huko walikaa mbwa waliogongwa kwenye roboti, yaani taa za barabarani, na waliotupwa, na walioletwa kutoka Diepsloot, mtaa wa watu maskini ambako gari letu lilikwenda kila wiki kuchanja bure. Mapato ya mbele ndiyo yaliyolisha nyuma. Baadhi ya mbwa wa nyuma walipata watu wa kuwachukua. Wasiotibika, na wale ambao nafasi yao ilikwisha, walichomwa sindano ya mwisho. Daktari au Sista alichoma, na mmoja wetu alimshika mnyama.

Wafanyakazi wote walisema "kulaza". Tumemlaza yule mweusi, leo tuna watatu wa kulaza. Sista hakulipenda neno hilo. Siku aliponisikia nikilitumia, alinivuta pembeni kwa adabu, kama mtu anayekuambia zipu yako iko wazi.

"Papa, sisi tunaua," alisema. "Tunaua muzuri, bila maumivu, lakini tunaua. Ukisema kila siku unalaza, utafika nyumbani utaogopa kulala."

Aliniita Papa ingawa nilikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Mwanzoni nilidhani ananidhihaki. Baadaye nikaelewa kwamba kwao ndivyo mwanamume anavyoheshimiwa, na kwamba hata mbwa dume walioletwa na majeraha mabaya aliwaita hivyo hivyo.

Kiswahili chake kilinipa kazi. Sisi watu wa Tanga tunaamini lugha hii tulipewa, na wengine wote waliiazima kwetu. Yeye alisema "bantu" na "banyama" na "njo vile", akachanganya na Kifaransa alipokasirika, na hakuonyesha dalili yoyote ya kujua kwamba ameazima. Nilijaribu mara moja kumsahihisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akaniuliza kama nimemuelewa. Nikasema nimemuelewa. Akasema basi.

Mwanafunzi wake mkubwa wa lugha alikuwa kasuku. Mteja mmoja wa Sandton alisafiri akatuachia kasuku wake wa kijivu. Sista alimtazama muda mrefu, akatangaza kwamba huyu ni mtu wa kwao, kwani kasuku wa namna hiyo hutoka misitu ya Kongo. Kila alipopita alimsemesha. Mteja aliporudi alimchukua ndege wake, akaondoka ameridhika. Baada ya muda akapiga simu. Alitaka kujua ile ni lugha gani, maana kila familia ikikaribia meza ya chakula, kasuku anapaza sauti kusema neno moja lilelile. Daktari akaniuliza mimi, nami nikamtafsiria: kaa chini ule. Mteja aliuliza tena, akaandika, na kwa jinsi Daktari alivyotueleza, akasema kwamba kwa kweli mumewe huwa anakula amesimama.

Mimi ni Mwislamu, na mate ya mbwa katika mafunzo niliyolelewa nayo ni najisi nzito. Huoshi kwa sabuni tu ukamaliza. Unaosha mara saba, na moja ya hizo ni kwa udongo. Sikumwambia mtu yeyote kazini. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani nilichimba udongo kidogo kando ya uzio, nikajiosha kwenye bomba la nje, nikaondoka. Nilidhani nafanya kwa siri. Asubuhi moja nikakuta karibu na bomba kuna ndoo yenye mfuniko, ndani yake udongo mkavu uliochekechwa, safi, na kikombe juu yake. Sista alikuwa ameniona nikichimba na, kama alivyokiri mwenyewe baadaye, alidhani nazika uchawi. Aliomba kwa ajili yangu Jumapili nzima kanisani kwake. Kisha akamuuliza mwanamke mmoja wa Zanzibar aliyekuwa akimuuzia viungo huko Yeoville, mtaa wa wahamiaji mjini, akaelezwa. Nilipomshukuru alisema nisimshukuru, alichotaka ni niache maua yake ya kando ya uzio. Kila udongo ulipopungua uliongezwa. Sikuwahi kumwona akiuongeza.

Alikuwa na utaratibu wa zamu ya kushika mnyama wa sindano ya mwisho, na aliushikilia kichwani. Hakuna aliyeshika siku mbili mfululizo. Aliyeshika alipewa saa nzima baadaye, na saa hiyo ilikuwa na amri zake: kunawa, kubadili shati, kula umekaa, kisha kutofanya chochote. Hii ya mwisho ndiyo iliyotushinda. Niliwahi kuchukua ufagio katika saa yangu, nikifagia polepole ili isionekane kama kazi. Alikuja akauchukua. Nikatoa simu. Akaniambia niiweke. Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema nitazame uzio.

Kwa watu waliokuja kujitolea Jumamosi alikuwa mkali kuliko alivyokuwa kwetu. Walikuwa watu wema, wenye machozi ya karibu, waliotaka kubaki mpaka usiku na kurudi kesho yake na keshokutwa. Sista aliwafukuza saa kumi jioni. Aliwatoa nje mmoja mmoja, akawaambia mapenzi yasiyojua saa ya kwenda nyumbani ni ugonjwa, nao wakaenda wakilalamika kwamba yule muuguzi hana moyo.

Kwa upande mwingine, wale tuliotaka kuwatukana aliwatendea kwa upole uliotukera. Alikuja bibi mmoja na mbwa mzima, mwenye afya, akataka auawe kwa sababu anahamia ng'ambo na mbwa ni mzee mno kuanza maisha na mtu mwingine. Daktari alikuwa kijana, hajamaliza mwaka tangu atoke chuo, na uso wake ulibadilika rangi. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha sentensi. Sista alimkalisha yule bibi, akamletea chai, akamsikiliza kwa muda ambao ungetosha kuosha mabanda yote. Mwishowe bibi alisaini kutuachia mbwa, akalia, akaondoka. Mbwa alichukuliwa na mlinzi wa ghala moja la mizigo jirani yetu. Nilimuuliza Sista kwa nini alimvumilia. Akasema aliyeleta ameleta. Kuna wanaofungua mlango wa gari kwenye barabara kuu, wakamsukuma mbwa nje na kuondoka.

Daktari huyo huyo siku moja alipotea. Wateja walikuwa wanangoja mbele, na yeye hakuonekana. Nilimkuta kwenye stoo ya chakula, amekaa juu ya gunia, analia bila sauti. Asubuhi hiyo alikuwa ameua paka wanne wa nyumba moja. Nikaenda kumwita Sista. Aliingia, akakaa juu ya gunia la pili, mkono wake ukiwa mgongoni kwa Daktari, na nilipochungulia baada ya muda walikuwa vilevile. Sista alitoka peke yake, akafunga stoo kwa ufunguo, akaweka ufunguo mfukoni. Aliwaambia wateja kwamba Daktari yuko kwenye upasuaji. Nikamkumbusha kwamba chakula cha mbwa kiko humo ndani. Akasema anajua. Mbwa siku hiyo walikula chakula cha asubuhi saa tano. Hakuna aliyekufa.

Ninayasema haya yote ili ieleweke kwamba hakuwa mtu asiyejua. Alijua kuliko sisi sote kazi ile inavyomla mtu. Lakini zamu yake mwenyewe hakuihesabu kuwa zamu. Mtu akiwa na homa, Sista alishika. Mtu akiwa na msiba, Sista alishika. Na saa ya kupumzika aliyoistahili aliitumia kutukagua kama tunapumzika.

Ikaja baridi ya 2017, na Diepsloot ukaingia ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa. Chanjo ipo, lakini watoto wa mbwa walizaliwa upesi kuliko gari letu lilivyoweza kufika. Watu waliwaleta ndani ya makoti, ndani ya mifuko ya plastiki, ndani ya beseni la kufulia. Wachache tuliwaokoa kwa maji ya mshipani. Wengi walifika wakiwa wamekwisha. Mabanda ya nyuma yalinuka klorini usiku na mchana.

Mwanzoni zamu zilikwenda kama kawaida. Kisha Sista akasema huyu ana mafua, yule ana mtoto mchanga, mimi nina viatu vibovu, na akaanza kushika na kuchoma yeye mwenyewe, kila siku, wote. Hatukubishana naye. Ukweli ni kwamba tulifarijika. Alifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote: haraka, safi, bila kosa. Aliacha kuwasemesha mbwa. Aliacha parachichi pia, akawa hali kitu. Nilipomsalimia asubuhi alijibu baada ya hatua kadhaa, kama simu yenye mtandao mbovu. Kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda, hakuna aliyeona kasoro.

Alasiri moja mwishoni mwa baridi hiyo alikuja mzee wa Kirundi mwenye spaza, yaani duka dogo la nyumbani, huko Diepsloot, na mbwa wake aliyelinda duka hilo miaka yote. Mbwa alikuwa na uvimbe tumboni na hakuweza tena kusimama. Daktari alimpima, akamweleza mzee kwa Kiingereza, mimi nikaeleza kwa Kiswahili, mzee akakubali. Daktari akaitwa mbele mara moja, akamwachia Sista kumalizia. Mzee alivua kofia. Alisema atamshika mbwa wake mwenyewe, akakipakata kile kichwa. Kisha akamuuliza Sista, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Nimwambie nini?"

Hilo ni swali ambalo watu wengi waliuliza, na Sista alikuwa na jibu kwa kila mmoja. Safari hii aliitazama sindano iliyokuwa mkononi mwake. Akaiweka kwenye sinia. Akamuomba mzee radhi kwa Kifaransa, akatoka.

Nilimwambia mzee asubiri, nikamfuata. Alikuwa ndani ya gari lake kwenye maegesho, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Nilifungua mlango wa pili, nikakaa. Tulitazama ukuta.

"Papa," alisema baadaye, "leo siwezi."

"Basi leo usiweze," nikamwambia.

Alilifikiria hilo.

"Na yule muzee?"

"Daktari atamchoma. Mimi nitasimama na mzee."

"Mi nifanye nini?"

"Hakuna kitu, Sista."

Nikaogopa kwamba nimemkosea adabu. Kisha akaanza kusema, akitazama palepale ukutani. Alisema tangu baridi ianze hasikii kitu moyoni. Anashika mbwa kama anavyoshika taulo. Mwanzoni alimshukuru Mungu, akadhani amepewa nguvu. Lakini Jumapili iliyopita binti wa dada yake, mwenye miaka sita, alianguka kwenye ngazi akavunjika mkono.

"Nikamufunga ule mukono muzuri sana," alisema. "Analia, ananiangalia. Na mi sikumuonea huruma hata kidogo. Nilikuwa nataka tu anyamaze nimalize. Mutoto wetu, Papa. Nikajiuliza, mi niko mutu gani sasa?"

Nilichukua ufunguo wa gari kwa sababu nilihofia ataendesha, nikamwambia nitarudi. Ndani Daktari alikuwa ameshaitwa. Mzee aliniuliza tena amwambie nini mbwa wake. Nikamwambia amwambie analolijua. Akainama akamnong'oneza kwa Kirundi, maneno mengi, bila haraka, na Daktari akasubiri mpaka alipomaliza. Nilipotoka, Sista alikuwa amelala palepale kwenye kiti cha gari, kichwa kimeangukia kioo. Nilimfunika kwa koti langu la kazi. Lilinuka klorini lakini sikuwa na jingine.

Daktari alimpa likizo ndefu, na wenye hospitali wakakubali kumlipia mshauri, mtu wa kuzungumza naye, huko Sandton. Sista alikuwa na shaka. Alituambia kwamba kwao mtu huzungumza na Mungu au na dada yake, na wote wawili hawatoi bili. Lakini alikwenda. Baada ya mara ya kwanza alinipigia simu kuripoti kwamba mshauri ni msichana mdogo, mwembamba, mwenye boksi la tishu mezani, na kwamba anaonekana amechoka. Mara ya pili alimpelekea parachichi. Nilimuuliza kama wanazungumza. Akasema wanazungumza, na kwamba yule msichana ana tabia ya kunyamaza mpaka mtu mwenyewe anajisikia vibaya na kuanza kusema. Alisema ni ujanja mzuri, angeujua zamani angeutumia kwetu.

Hakurudi kazini. Alikuja siku moja tu kuaga, akapita mabanda yote, akanipa maelekezo kuhusu maua. Daktari alilia tena, safari hii hadharani. Zamu za kushika zikabaki kwangu kuzipanga, na nilizipanga kwa namna ambayo na mimi nilikuwemo. Saa yangu ikifika nilinawa, nikala, nikatazama uzio. Ilinichukua muda mrefu kuuzoea. Ni uzio wa kawaida.

Nilimwona tena mwaka 2019, alasiri ya siku isiyo na watu wengi. Nilikuwa nimehamishiwa mbele, kumsaidia Daktari chumba cha matibabu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mpana wa mabega amevaa kitenge kizuri, amekumbatia kikapu chenye mfuniko. Alinisalimia kama tulionana jana. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na miwani. Aliniambia sasa anashona, ana cherehani mbili na mwenzake mmoja huko Yeoville, sare za shule na nguo za harusi. Nikamuuliza kama anaipenda kazi hiyo. Akasema nguo haikuangalii.

Ndani ya kikapu alikuwamo paka wa rangi ya majivu, jike, mchanga bado, aliyeingia dukani mwenyewe akalala kwenye vitambaa na kukataa kutoka. Hakuwa mgonjwa. Alikuja kuchanjwa tu. Daktari alifurahi mpaka akasahau kuvaa glovu.

Basi mimi nikamshika paka, Daktari akaandaa sindano, na Sista, niliyemwona akishika wanyama wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, akageukia ukuta. Alinikamata mkono wa shati. Alituuliza, kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza ili Daktari naye asikie, kama sindano ni ile nyembamba. Daktari akasema ni ile nyembamba. Paka alichomwa, hakusema kitu. Sista ndiye aliyeguna, kama amechomwa yeye, na alipogeuka miwani yake ilikuwa na ukungu.

"Imeniuma," alisema, akashangaa. Akaivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, na nikaona anatabasamu huku machozi yakimtoka. "Papa, unaona? Imeniuma sana."

Daktari alimwambia paka yuko salama kabisa. Sista akamjibu kwamba hilo analijua.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Gari lake aliliuza kununua cherehani ya pili, kwa hiyo alikuwa akipanda teksi, yaani daladala za huko. Ya kwanza iliyosimama, dereva aliona kikapu, akauliza kuna nini ndani, akasema wanyama hapandishi. Sista akamwambia huyu ni mtoto wake. Dereva akasema kama ni mtoto basi alipe. Nilitegemea mabishano, maana zamani angembishia mpaka abiria wote washuke. Akafungua pochi, akalipa nauli ya watu wawili, akapanda. Teksi ilipoondoka niliona amekiweka kikapu kwenye kiti kilicholipiwa, upande wa dirishani, na amefungua mfuniko kidogo ili mwenzake aone nje.